Mwasho Baada ya Kutoka Shambani

Leo jembe tuliweke kando kidogo, tuzungumze juu ya ngozi.

Mkulima wa Momba akikawia kwenye majaruba ya mpunga mpaka giza, anaumwa na mbu. Yule wa Mbozi, akipalilia kahawa, hukutana na siafu au viwavi washa. Osha mahali panapowasha kwa maji na sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi, na ukate kucha, maana kidonda huletwa na kujikuna. Mafuta ya taa usipake. Dawa ya kunyunyizia mibuni ndiyo usiguse kabisa. Ile ni sumu, hupenya ngozini. Homa ikifuata, nenda ukapimwe malaria.

Lakini hasa nataka kusema na ninyi wa Ileje, mnaolima kando ya mito iendayo kasi. Huko, kama kwa jirani zenu wa Rungwe na Kyela, ugonjwa wa usubi umejulikana miaka mingi. Anayeueneza ni inzi mdogo mweusi mwenye kibyongo. Huzaliana katika maji ya kasi, tena huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Vaa suruali ndefu na mikono mirefu.

Akikuuma mara moja, utawashwa siku chache tu. Akikuuma mara nyingi, mwaka hata mwaka, aweza kukuachia minyoo. Wakubwa hukaa katika vinundu chini ya ngozi. Watoto wao hutembea ngozini na kufika machoni. Hapo mwasho hauishi, ngozi hukunjamana kama ya mzee, na mwisho mtu hupofuka. Kwa hiyo ukiwashwa wiki nyingi bila alama mpya ya kuumwa, nenda zahanati.

Dawa yake ni vidonge vya ivermektini, na mtu hupimwa urefu apate kiasi chake. Sasa, wapo wasemao: “Mwaka jana nilimeza, nikawashwa zaidi. Sirudii!” Ndugu yangu, mwasho ule hutokana na minyoo wadogo wanaokufa ngozini, na kwa kawaida hupita baada ya siku chache. Ukizidi, rudi zahanati. Lakini minyoo wakubwa hawafi kwa dawa hiyo. Huishi miaka 10 na zaidi wakizaa, ndiyo maana unaambiwa umeze tena mwaka unaofuata. Wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wagonjwa mahututi hawapewi.

Wiki ijayo tutazungumzia ghala la mahindi. Kwaherini.