Kipande cha Jana na Kitambulisho cha Leo

(Hotuba kwa wakazi katika baraza la kuhamasisha usajili wa vitambulisho)



Kabla usajili haujaanza, naomba tukumbushane neno moja: kipande. Mpaka leo mzee akitaka kitambulisho chake husema, "Niletee kipande changu." Neno hilo lina historia chungu.

Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kipande mwaka 1915, ikaanza kuitekeleza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kuwa nacho. Kiliandikwa jina lake, kabila lake, mwajiri wake, mshahara wake, na tarehe za kuanza na kuacha kazi, pamoja na alama za vidole. Kilitiwa katika kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni kwa kamba.

Fikirieni kijana wa wakati huo. Nyumbani anadaiwa kodi, na pesa za kuilipa ziko katika mashamba ya walowezi. Anakwenda kuandikwa kazi. Akionewa huko, hawezi kuondoka hivi hivi, kwa maana bila sahihi ya mwajiri kwenye kipande hapati kazi kwingine. Akitoroka, anasakwa na kushtakiwa. Hata akiachiliwa, mwajiri mpya anasoma mshahara wa zamani na kumpa uo huo. Mkewe naye amebaki na shamba na watoto peke yake.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake walianza kupinga waziwazi kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Polisi walifyatua risasi. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewahimiza wanaume wasirudi nyuma. Ilichukua hadi mwaka 1947 sheria hiyo kubadilishwa.

Leo Katiba ya 2010, kifungu cha 12, inasema kila raia ana haki ya kupata hati ya utambulisho. Kipande cha zamani kilimfunga mtu kwa mwajiri. Kitambulisho cha leo ndicho unachotoa ukijiandikisha kupiga kura, ukifungua akaunti ya benki au ukisajili laini ya simu.

Kwa hivyo, kijana uliyefikisha miaka 18, usiondoke hapa kabla hujajiandikisha. Wewe ambaye kitambulisho chako kimeshatoka, nenda ukakichukue. Hakikusaidii kikilala ofisini.

Na kama babu yako alikuachia kile kikebe, usikitupe wala usikiuze kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Waonyeshe watoto, wajue tulikotoka.