Sahihi Milioni Moja kwa Ajili ya Shule

(Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei)



Ndugu wapendwa, wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo, makatekista, akina mama na vijana: tumeombwa tuzungumze juu ya haki ya mtoto kupata elimu, na juu ya wajibu wa raia kuitetea haki hiyo. Tutafuata njia tuliyoizoea: tuone, tuamue, tutende.

1. Tuone

Januari 2003 Serikali ya Kenya ilipofuta karo katika shule za msingi za umma, watoto wengi waliokuwa wakichunga mbuzi waliingia darasani. Tendo lile tunalishukuru. Lakini kufungua mlango wa shule ni jambo moja, na kuijenga shule yenyewe ni jambo jingine.

Katika vigango vilivyo mbali na barabara kuu, tunaadhimisha Misa ya Jumapili chini ya mgunga, nasi twajua kwamba Jumatatu mgunga ule ule utakuwa darasa. Ubao huegemezwa shinani. Mwalimu mmoja hufundisha madarasa mawili, kila moja likitazama upande wake wa mti. Mvua ikinyesha, masomo hukoma. Mzazi haambiwi alipe karo, bali huombwa achangie madawati, choo na mshahara wa mlinzi. Asiye na kitu, mwanawe hurudishwa nyumbani.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kwamba kila mtoto ana haki ya kupata elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Basi mtoto aliyerudishwa nyumbani hakukosa hisani ya mtu. Amenyimwa haki yake.

2. Tuamue

Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 204, iliunda Hazina ya Usawazishaji. Kila mwaka nusu ya asilimia moja ya mapato ya serikali ya taifa yapaswa kuwekwa humo. Yaani, katika kila shilingi 200, shilingi 1. Fedha hizo ni za kuyainua maeneo yaliyoachwa nyuma yafikie kiwango cha huduma kinachofurahiwa na wananchi wengine. Katika orodha ya kwanza maeneo hayo yalikuwa kaunti 14, zikiwamo Turkana, Mandera, Marsabit na Tana River.

Hapa tusome kwa makini. Kifungu hicho chataja huduma nne kwa majina: maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Shule haikutajwa. Ni kweli kwamba haikukatazwa, kwa kuwa zile nne zimetajwa kama mifano tu. Lakini fedha zinapokuwa chache, kilichotajwa hutangulia, na kisichotajwa hungoja. Tena Hazina hii ilipewa umri wa miaka 20 tu. Isipoongezewa muda, itakoma mwaka 2030, ilhali fedha zake zilichelewa miaka kadhaa kuwafikia walengwa.

Kwa hiyo tunapendekeza marekebisho mawili mafupi: neno "shule" liongezwe katika orodha hiyo, na muda wa Hazina urefushwe. Bunge laweza kuurefusha muda huo lenyewe. Lakini kuliongeza neno katika Katiba kwahitaji marekebisho, na wananchi wamepewa njia ya kuyaanzisha.

3. Tutende

Njia hiyo imo katika Kifungu cha 257. Wapigakura waliosajiliwa wasiopungua milioni moja watie sahihi. Mswada na sahihi hupelekwa kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ili zihakikiwe. Kisha mabunge yote 47 ya kaunti hupewa miezi mitatu. Yakikubali 24, mswada huingia Bungeni. Nyumba zote mbili zikiupitisha, hupelekwa kwa Rais autie sahihi. Nyumba moja ikiukataa, wananchi wenyewe huamua kwa kura ya maoni.

Tusidanganyane kwamba ni kazi nyepesi. Jaribio la mwaka 2016 liliangushwa na upungufu wa sahihi halali. La mwaka 2019 lilipata sahihi, lakini mabunge mengi ya kaunti yakalikataa. Lile la tatu lilisimamishwa na mahakama, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa njia hii. Fundisho la hukumu ile ni kubwa: njia hii ni ya wananchi, si ya wakuu.

Basi tuanze chini. Kwanza, kila jumuiya isome Vifungu vya 53, 204 na 257 kabla ya kushika kalamu. Pili, tupeleke ombi Bungeni kwa mujibu wa Kifungu cha 119. Pengine tutasikilizwa bila kufika kwenye kura. Tatu, tuwaendee jirani zetu Waislamu, makanisa mengine, walimu na wazazi, kwa maana parokia peke yake haifikishi milioni. Nne, asitie sahihi mtu kwa niaba ya mwingine, wala asishurutishwe mtu wala kuahidiwa chochote. Haki haitetewi kwa hila. Tena fomu zisitiwe sahihi ndani ya Misa, wala chama chochote cha siasa kisikabidhiwe jambo hili.

Yule mjane wa Injili hakuwa na cheo wala mali. Alikuwa na haki yake, na miguu ya kurudi tena na tena mlangoni kwa hakimu. Nasi tusichoke kabla hatujabisha hodi.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Ni watoto wangapi wa jumuiya yetu wasioenda shule, na ni kwa sababu gani?
2. Je, sisi wenyewe tumejisajili kupiga kura?
3. Ni nani, nje ya Kanisa letu, tutakayemwendea kwanza?