Amana ya Vijana Wetu

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili, ulimi na mikono ya kutendea kazi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, tumcheni Mwenyezi Mungu. Leo tunapenda kuzungumza juu ya amana ambayo kila mmoja wetu ataulizwa, nayo ni vijana wetu.

Kila jioni vijana huonekana vijiweni, na neno wanalolisikia zaidi kutoka kwa wakubwa ni moja: ondokeni. Waondoke waende wapi? Kijana aliyemaliza shule na hana kazi, aliyefukuzwa barazani na hana mahali pengine, hakosi wa kumpokea. Na mara nyingi anayempokea ni muuza unga. Kukataza ni wajibu, lakini kukataza bila ya kuonyesha njia ni nusu ya malezi.

Wako waliolifahamu jambo hili zamani. Habib Saleh, mwanachuoni aliyetoka Ngazija akafanya makazi yake Lamu katika karne ya 19, aliwafungulia darasa watu ambao wakubwa wa mji hawakuwapa nafasi, wakiwamo waliokuwa watumwa na watoto wao. Hakungoja waje na adabu za wanavyuoni ndipo awapokee. Aliwapokea kwanza, kisha akawafundisha. Msikiti wa Riyadha alioujenga ungali kitovu cha sherehe za Maulidi, na katika siku hizo vijana wa Lamu hushindana kuandika khati, kuogelea, kukimbiza punda na kuendesha majahazi. Kijana wa kalamu na kijana wa usukani, kila mmoja hupata siku ya kuonekana na mji wake.

Tutazame na mfano mwingine. Mwaka 1987, huko Mathare, mjini Nairobi, kilianzishwa chama cha michezo cha vijana kisichotafuta faida. Timu zake zilipata pointi si kwa mabao peke yake, bali pia kwa kuzoa taka na kusafisha mitaa. Vijana waliojitolea kuwatumikia wenzao walihesabiwa kazi yao, wakasaidiwa karo ya shule. Mwaka 1997 baadhi ya vijana wa huko walipewa kamera za plastiki, wakafundishwa kupiga picha za maisha yao na kuyaandika. Na mwaka 1999 kazi hizo zikachapwa kitabu. Kamera ile ilikuwa kitu cha bei ndogo. Kilichokuwa na thamani ni kule kuaminiwa.

Lakini kazi za namna hii zina maradhi yake. Nyingi huishi kwa fedha za wafadhili wa mbali, na mfadhili akiondoka, mlango hufungwa. Unguja kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2001, ambacho kimewafundisha vijana taarabu na ngoma za asili. Mwaka 2019 kilitangaza kwamba kilikuwa katika hatari ya kufungwa kwa kukosa fedha. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya ala za muziki, nasi hatukukusudia leo kuukata mjadala huo. Tunalotaka lizingatiwe ni hili: jambo ambalo wenyeji hawalichangii halina mizizi, hata likisifiwa namna gani na wageni.

Wazee wetu waliijua dawa yake, nayo ni wakfu. Mtu aliweka duka au shamba la minazi, na pato lake likaendesha msikiti na chuo hata baada ya yeye kufariki. Wakfu haukuwa wa matajiri peke yao, na leo pia si wao peke yao wenye cha kutoa. Fundi seremala anayejua kuchora nakshi za mlango anaweza kutoa alasiri moja kwa wiki. Vivyo hivyo anayeshona kofia kwa mkono, anayeandika khati, na anayejua kutunga tenzi. Atakayekuwa na chumba kitupu, na akitoe.

Na tukiisha kutoa, tuwaachie vijana sehemu ya uongozi. Wao washike daftari la mapato na matumizi, nasi tulikague mbele yao kila mwezi. Wala mabinti zetu wasisahauliwe. Wapangiwe nafasi na saa zao, kwani nao ni amana ile ile. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini hakunjwi kwa maneno ya mbali, hukunjwa kwa mkono uliomkaribia.

Ndugu zetu, kabla ya Ijumaa ijayo kila mmoja wetu amtafute kijana mmoja wa mtaani kwake amwulize anajua kufanya nini, na angependa kujua nini.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wetu, aibariki mikono yao, na atujaalie tuwe wenye kuihifadhi amana hii. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.