Kusawazisha Barabara Bila Greda

(Mazungumzo na kamati za barabara za vijiji)



Leo tunataka tuzungumze habari ya barabara zetu za udongo, na hasa habari ya pesa tunazochanga kwa ajili yake. Greda ni mashine ghali, na kuipata kijijini ni shida. Mara nyingi kinachopatikana ni beko, yaani lile trekta lenye ndoo kubwa mbele na mkono wa kuchimba nyuma. Hukodishwa kwa saa, na saa zikiisha dereva huenda zake, kazi iwe imekwisha au haijaisha. Tukiikodi bila mpango tutabaki na vilima na mashimo, na mchango wa pili hakuna atakayeutoa. Hapo atakayeumia ni mama mja mzito anayetakiwa kufikishwa hospitali usiku wa mvua.

Je, beko inaweza kusawazisha? Ndiyo, tukiitengenezea vifaa.

Kwanza ni ndoo yenyewe. Dereva akiinamisha ndoo ya mbele hadi ukingo wake uguse ardhi, kisha arudi nyuma polepole, udongo huvutwa na kulainika. Mashine nyingi zina nafasi ya kuiachilia ndoo ifuate ardhi yenyewe bila kukandamizwa. Mwombeni aitumie hiyo. Ndoo isisimamishwe wima kabisa na kukandamizwa wakati wa kurudi nyuma, kwa maana nguvu zote huingia kwenye vyuma vinavyoisukuma ndoo, navyo huweza kupinda. Na mkijua mwenye mashine, mnajua bili italetwa kwa nani!

Pili ni meno. Ndoo ya nyuma ina meno, na meno huacha mistari ambayo maji huifuata na kuifanya mifereji. Fundi wa jua kali anaweza kutengeneza bapa la chuma kizito lenye vishikio, likafungwa kwa bolti juu ya meno, na kazi ikiisha likafunguliwa. Asichomelee chochote kwenye mashine ya watu bila ruhusa ya mwenyewe.

Tatu ni buruta. Chukueni vyuma viwili vizito, au magogo mawili ya mkaratusi yaliyopigiliwa chuma upande wa chini. Viunganishwe kimoja mbele, kingine nyuma, kama ngazi yenye vipandio vifupi, kisha vikokotwe kwa minyororo miwili. Mnyororo wa upande wa mtaro uwe mfupi kidogo. Hapo buruta itakaa mshazari na kusukuma udongo kuelekea katikati ya barabara. Minyororo ifungwe kwenye kiunzi cha trekta, si kwenye mkono wa kuchimba. Na reli ya gari moshi haiokotwi, jamani. Ni mali ya umma. Mkinunua vyuma chakavu, daini risiti.

Buruta ikiwa nyepesi, ongezeni mawe na kuyafunga. Mtu asipande juu yake, wala watoto wasikimbie nyuma. Akiteleza mmoja, barabara hiyo itakuwa ya kilio.

Sasa tusikie jambo hili vizuri: kusawazisha si kufanya barabara iwe kama meza. Maji yakikosa njia yatakaa, na gari moja tu litaleta matope. Barabara inataka mgongo. Ikiwa na upana wa mita 5, katikati pawe juu kuliko kando kwa sentimita 12 hivi. Pimeni kwa vigingi, kamba na pima maji ya fundi mwashi, msikadirie kwa macho. Udongo uwe na unyevu, siku moja au mbili baada ya mvua. Ukiwa vumbi haushikani, na ukiwa tope hunata. Mwageni kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, na kila tabaka ishindiliwe kabla ya nyingine.

Kazi nyingine haihitaji mashine. Mpango wa Barabara za Mashambani ulioanza hapa Kenya mwaka 1974 ulitegemea zaidi mikono ya watu. Kwa hivyo kabla beko haijafika, tufyeke vichaka, tuondoe mawe, tuchimbe mitaro na njia za kutoa maji pembeni. Saa tulizolipia ziwe za udongo peke yake.

Tena barabara ni ya umma. Tuende kwa mhandisi wa kaunti, au kwa ofisi ya KeRRA ikiwa barabara ni yao, tupate ruhusa kwa maandishi. Mweka hazina naye aandike saa mashine ilipowashwa na ilipozimwa, na dereva atie sahihi.

Basi, kabla hatujaitisha mchango, kila kamati ijibu maswali matatu: maji yataelekea wapi, buruta itatengenezwa na nani, na daftari la saa litashikwa na nani? Majibu yakipatikana, tuite mashine.