Mishale Minne na Herufi Chache: Kusoma Matini Yenye Viungo kwa Kibodi Pekee

Mada kwa ajili ya semina ya wakutubi na maafisa habari



1. Utangulizi

Kabla ya yote, naomba kila mmoja asogeze kipanya chake pembeni na asikiguse mpaka nimalize. Kwenye skrini mbele yenu ipo programu iitwayo Lynx. Ina maandishi tu: hamna picha wala tangazo linalomemeteka. Najua wapo wanaojiuliza kwa nini tunarudishwa kwenye kitu cha mwaka 1992.

Jibu ni hili. Tovuti za ofisi zetu tunazikagua kwa macho na kipanya. Lynx inatunyang'anya picha na kipanya kwa saa moja, na kinachobaki ndicho tulichomwandikia msomaji. Hoja yangu ni kwamba ukurasa usiopitika kwa kibodi haujakamilika, hata ukipendeza namna gani.

2. Ilikotoka

Neno haipateksti, yaani matini yenye viungo vinavyomtoa msomaji hapa na kumpeleka pale, lilichapishwa na Ted Nelson mwaka 1965. Mwaka 1991, Nicola Pellow, aliyefanya kazi na Tim Berners-Lee, mbunifu wa Wavuti, katika kituo cha utafiti cha CERN, aliandika kivinjari cha mistari mitupu. Kila kiungo kilipewa namba. Msomaji aliandika namba, akabonyeza Enter, akafika.

Lynx ilianzia Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, mikononi mwa Lou Montulli, Michael Grobe na Charles Rezac. Chuo kilitaka kusambaza taarifa zake kwa watu waliokaa mbele ya skrini za maandishi zilizounganishwa na kompyuta kubwa. Skrini zile hazikuwa na kipanya, ikabidi mwendo wote uwekwe kwenye kibodi. Mwaka 1993 programu ikaanza kusoma kurasa za Wavuti, na inatunzwa mpaka leo. Jina lake ni la mnyama wa jamii ya paka, na Waingereza wakilitamka husikika kama neno lao la viungo.

3. Mishale minne

Hapa ndipo mgeni hujikwaa. Mshale wa chini haushushi ukurasa mstari kwa mstari. Unaruka kutoka kiungo hadi kiungo. Kiungo ulichosimamia hubadilika rangi. Mshale wa juu hukurudisha kwenye kiungo kilichotangulia. Mshale wa kulia hukuingiza ndani ya kiungo, na wa kushoto hukurudisha ulikotoka. Kwa hiyo juu na chini ni kuchagua. Kulia na kushoto ni kusafiri. Ukitaka kusoma tu, kitufe kirefu cha nafasi hukupeleka skrini moja mbele, na herufi b hukurudisha skrini moja nyuma.

Tujaribu. Bonyeza g, andika sw.wikipedia.org, kisha Enter. Ukishafungua makala kuhusu Ziwa Viktoria, usihangaike kushuka ukitafuta jina la mji. Bonyeza alama ya mkwaju, andika Mwanza, kisha Enter. Programu itakupeleka neno lilipo, na ukibonyeza n itakwenda linapojitokeza tena. Na kwa kuwa picha hazishushwi, bando lenu linapumua.

4. Herufi chache za kukumbuka

Herufi h hufungua msaada, d hupakua faili, a huweka alamisho na v huonyesha alamisho ulizoweka. Kitufe cha Backspace hukupa orodha ya kurasa ulizopitia, nawe unachagua wa kurudia. Muhimu zaidi, tazameni mistari ya chini ya skrini: programu yenyewe inawakumbusha vitufe vikuu.

Angalieni Caps Lock. Herufi ndogo na kubwa si ndugu mmoja. Ukibonyeza q, utaulizwa kama kweli unataka kutoka. Q kubwa hufunga bila kuuliza.

Mtego mwingine ni visanduku vya kuandikia. Siku moja mshiriki aliniita, “Mwalimu, imegoma kufunga.” Nilipoinama kwenye skrini yake, nikakuta ndani ya kisanduku cha kutafutia zimejipanga q saba. Programu haikugoma. Ukiwa ndani ya kisanduku, herufi ni maandishi, si amri. Toka kwanza kwa mshale wa chini au Tab, ndipo utoe amri.

Mtaona pia kwamba baadhi ya tovuti zinapotaka kuweka vidakuzi (cookies), Lynx husimama na kuuliza: ndiyo, hapana, daima, au kamwe? Vidakuzi hivyo vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli yuleyule, alipokuwa amehamia kampuni ya Netscape. Programu aliyoshiriki kuizaa sasa inabisha hodi kwa niaba yenu kabla ya kupokea kitu alichokibuni baadaye.

5. Ukurasa ukibaki mtupu

Sasa tugeukie kurasa zetu. Picha isiyo na maelezo huonekana kama jina la faili kwenye mabano, mfano [DSC_0412.jpg]. Ulidhani umeweka picha ya uzinduzi wa maktaba; msomaji amepata namba ya kamera. Menyu inayojengwa kwa JavaScript haionekani kabisa, kwa sababu Lynx haiendeshi JavaScript. Na ukishuka kwa mshale utakutana na “Soma zaidi”, “Soma zaidi”, “Soma zaidi”. Zaidi kuhusu nini?

Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini msomaji asiyeona huambiwa kila kitu, na huambiwa kwa maneno tuliyoyaandika sisi. Anayetumia NVDA, kisoma skrini kisicholipiwa, hubonyeza H kuruka kutoka kichwa cha habari hadi kingine, na K kutoka kiungo hadi kingine. Anaweza pia kufungua orodha ya viungo vyote vya ukurasa. Orodha hiyo ikisomeka “Bonyeza hapa” mara kumi, tumempa milango kumi isiyo na vibao.

Niwe mkweli hapa. Lynx si kisoma skrini. Watumiaji wa NVDA hutumia vivinjari vya kisasa vinavyoendesha JavaScript, hivyo ukurasa unaokwama kwenye Lynx unaweza kuwafaa wao, na unaopita Lynx unaweza kuwa na kasoro nyingine kwao. Wala siwashauri kufanyia humu shughuli za benki au kutazama ramani. Lynx ni kipimo cha kwanza, chepesi na cha bure. Kama daktari anayeanza na kipimajoto, hatumalizii hapo, lakini joto likipanda hatupuuzi.

6. Mapendekezo

Kwanza, kila ukurasa mpya upitiwe kwa kibodi pekee kabla ya kutangazwa, na apitie mtu ambaye hakuuandika.

Pili, kiungo kijitaje. Badala ya “Bonyeza hapa”, andika “Pakua fomu ya uanachama wa maktaba”.

Tatu, picha yenye habari iandikiwe maelezo. Picha ya pambo tu iachiwe maelezo matupu ili isimsumbue msomaji.

Nne, mahali palipo na menyu ndefu, kiungo cha kwanza kabisa kiwe “Ruka hadi habari”.

Pendekezo hili la nne sitaki mlikubali kwa maneno yangu. Bonyezeni g, andikeni anwani ya tovuti ya ofisi yenu, kisha shukeni kwa mshale wa chini mkihesabu kwa sauti mpaka mfike kwenye habari ya kwanza. Menyu ikiwa na viungo arobaini, mtahesabu arobaini. Kipanya mtakirudia tukimaliza kuhesabu.