Lori, Madaraja na Ushuru Katika Mji wa New York



Nimeombwa niseme juu ya njia za malori katika miji mikubwa. Nimechagua mji mmoja tu, New York, kwa kuwa wako watu wa Afrika Mashariki wanaoendesha malori huko Marekani, na kwa kuwa sisi wenyewe tulianza kulipia barabara ya juu ya Nairobi mwaka 2022.

Mji ule umekatwakatwa na maji. Manhattan ni kisiwa, Staten Island ni kisiwa, na Brooklyn imo katika kisiwa cha tatu, Long Island. Kwa hiyo mzigo wa lori utokao New Jersey, upande wa magharibi, kwenda Brooklyn hauna budi kupita juu ya daraja au katika handaki lililochimbwa chini ya mto.

Kabla ya kufikiri juu ya fedha, dereva na apime kimo cha lori lake. Trela la kawaida huko lina kimo cha futi 13 na inchi 6. Ziko barabara nzuri ziitwazo parkway, zilizojengwa zamani kwa ajili ya motokaa ndogo, na malori yamekatazwa humo. Katika Hutchinson River Parkway, daraja la King Street halina nafasi ya futi 10 kamili, nalo limegongwa mara nyingi. Simu inayoonyesha njia za motokaa ndogo haijui kimo cha lori. Brooklyn Bridge ya mwaka 1883 nayo hairuhusu malori; Manhattan Bridge iliyo jirani yake yayaruhusu, tena bila ushuru.

Sasa tazameni jinsi ushuru ulivyogeuza mwendo wa malori. Daraja la Verrazzano lilifunguliwa mwaka 1964 kuunganisha Brooklyn na Staten Island. Wakazi wa Staten Island walilalamika juu ya moshi wa magari yaliyopanga foleni kulipa. Basi tangu mwaka 1986, kwa amri ya Serikali Kuu ya Marekani, ushuru ukatozwa kwa magari yaendayo Staten Island tu. Kadhalika mahandaki ya kwenda New Jersey hayakumtoza mtu atokaye mjini. Wenye malori wakafanya hesabu. Dereva alilipa akiingia Staten Island kutoka New Jersey, akavuka Verrazzano bure, akashusha mzigo Brooklyn, akarudi kwa Manhattan Bridge bure, akakatiza Canal Street, akaingia handaki la Holland bure.

Dereva huyo hakuvunja sheria yo yote. Lakini Canal Street ni barabara ya maduka na ya watu waendao kwa miguu, na wao ndio waliovuta moshi ule uliohamishwa kutoka Staten Island. Tangu mwaka 2001 malori makubwa yalikatazwa kuingia handaki la Holland kwa ajili ya usalama, madogo yakaruhusiwa tena baadaye. Amri ilifutwa mwishoni mwa mwaka 2019, na tangu tarehe 1 Desemba 2020 Verrazzano hutoza pande zote mbili. Miaka 34 ni mingi kwa kosa lililoonekana wazi barabarani kila siku.

Ziko pia saa za kuzingatia. Katika madaraja na mahandaki yatokayo New Jersey, ushuru wa siku za kazi huwa ghali tangu saa 12 hadi saa 4 asubuhi, na tangu saa 10 alasiri hadi saa 2 usiku. Tarehe 5 Januari 2025 iliongezwa ada ya kuingia Manhattan kusini ya Mtaa wa 60. Ilipoanza, lori kubwa lenye kifaa cha E-ZPass lilitozwa dola 21.60 mchana, na dola 5.40 usiku.

Mtu atasema, basi malori yote na yaende usiku. Lakini dereva hachagui saa peke yake. Mwenye duka ndiye achaguaye. Lori likifika saa 9 za usiku na mlango umefungwa, nafuu ya ushuru yapotea katika kungoja. Wakuu wa mji wamekuwa wakiwashawishi wenye maduka wapokee mizigo usiku, na duka hapana budi limlipe mtu wa kukesha. Kwa hiyo dereva mwangalifu humpigia mpokeaji simu kwanza, akajua saa ya mlango kufunguliwa, ndipo achague daraja.