Mlango wa Pili

Mzazi anayempeleka mtoto kwenye kituo cha michezo cha ndani huuliza mambo mawili: kiingilio ni shilingi ngapi, na je, mtoto avue viatu? Akishajibiwa huketi na simu yake. Mlango wa pili hauulizii.

Kemerovo, mji wa Siberia nchini Urusi, Jumapili ya tarehe 25 Machi 2018. Jengo la maduka la Zimnyaya Vishnya lilikuwa limejaa familia. Moto ukaanzia chumba cha michezo, ghorofa ya nne, penye dimbwi la vipande vya sponji ambamo watoto hujirusha. Wachunguzi walieleza kwamba maji ya theluji iliyoyeyuka yalipenya paa, yakaifikia taa, ikapiga shoti. Walikufa watu 60, watoto 37 miongoni mwao, wengi wakiwa ndani ya ukumbi wa sinema wa ghorofa hiyohiyo. King'ora cha moto kilikuwa kibovu kwa siku kadhaa. Milango ya dharura ilikuwa imefungwa.

Sponji hiyo, ndugu yake sponji ya magodoro, mara nyingi ni poliurethani, zao la mafuta ghafi. Ikishika moto haifuki taratibu kama kuni mbichi. Hulipuka kwa mwali, na moshi wake mweusi hubeba monoksidi ya kaboni na sianidi. Mtu huishiwa nguvu kabla mwali haujamgusa, na mtoto huwahi zaidi.

Rajkot, India, tarehe 25 Mei 2024: banda la mabati lenye michezo ya watoto, petroli na dizeli zimewekwa humohumo, mafundi wanachomelea vyuma huku wateja wakiwa ndani. Walikufa watu 27. Kituo hakikuwa na cheti cha zimamoto.

Shoti na cheche hutokea popote palipo na umeme na mafundi. Kufuli ni uamuzi wa mtu. Mwenye kituo hufunga mlango wa nyuma ili asiingie asiyelipa na mtoto asitoroke, na hofu hiyo ni ya haki kabisa. Lakini vipo vitasa ambavyo kwa nje havifunguki na kwa ndani husukumwa kwa kiganja tu, vikipiga kengele. Kufuli halina utetezi.

Jumamosi hii, kabla ya kulipa, mzazi amwombe mhudumu amwoneshe mlango wa pili, kisha ausukume mwenyewe. Ukigoma, au ukiwa umezibwa na kreti za soda, amvalishe mtoto viatu waondoke.